Mwalimu Aliyetufundisha Kuliamkia Goli

Kwa miaka mitatu mwalimu wetu wa michezo alitufundisha mpira wa kikapu, na katika miaka hiyo yote hakurusha mpira golini hata mara moja. Sisemi hakufunga. Nasema hakurusha. Nina hakika, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa matokeo, kazi niliyopewa baada ya kuthibitika kwamba siwezi kudaka kitu chochote. Daftari langu lilikuwa na safu ya kila mtu aliyewahi kukanyaga uwanja ule: wanafunzi wa darasa la tano mpaka la saba, mwalimu wa hisabati aliyejaribu siku moja akiwa na tai, hata mbeba magunia wa mashine ya kukoboa mpunga aliyejaribu kwa mkono mmoja, gunia likiwa begani. Safu ya Mwalimu ilibaki nyeupe kama siku niliyoichora.

Shule ilikuwa na walimu tisa, lakini ukisema "Mwalimu" bila kuongeza kitu, hata wenzake walijua ni yeye. Alikuwa mrefu sana, na nadhani urefu ndio uliomponza. Siku mpira ulipoletwa, mwalimu mkuu aliuangalia mpira, akamwangalia yeye kuanzia chini mpaka juu, akasema kipindi cha michezo tangu leo ni chako.

Mpira wenyewe uliachwa na mgeni mmoja aliyekuwa akikamata mbu kule Namawala kwa ajili ya utafiti. Siku ya kuondoka aligawa vitu vyake. Shule moja ikapata meza, nyingine ikapata taa, sisi tukapata mpira wa rangi ya chungwa, mzito kama boga. Tuliupiga teke mara moja tu. Aliyeupiga alichechemea wiki nzima, na hapo tukakubali kwamba huu ulikuwa wa mikono.

Mwalimu alisema aliwahi kuucheza chuoni Morogoro, "tena katikati, palepale chini ya goli." Wakati huo hakuna aliyemuuliza swali. Maswali yalikuja baadaye, na mwenye maswali alikuwa Mama Mashine.

Huyu lazima nimweleze. Mpira wa kikapu hautaki udongo, na udongo wetu wa bondeni nao hauutaki mpira: masika unaumeza, kiangazi unaurusha kwa jirani. Mahali pekee pagumu na tambarare palikuwa sakafu ya saruji ya kuanikia mpunga, mbele ya mashine ya kukoboa iliyopakana na shule yetu, upande wa Lipangalala. Mwenye mashine alikuwa mama mmoja mwenye kanga mbili na maneno machache, ambaye watu wazima walimwogopa kuliko mafuriko. Mwalimu alikwenda kwake akiwa na mpira kwapani, na mimi nyuma yake na daftari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu. Umeleta nini cha kukoboa?"

"Sijaleta cha kukoboa, mama. Naomba sakafu."

"Sakafu hiyo ina mpunga."

"Watoto watacheza pembeni."

"Na vibarua wangu watakaa kuwatazama. Mpunga atageuza nani?"

Mwalimu alifikiri kidogo, akasema neno ambalo lilitugharimu sana: "Watageuza watoto."

Kwa asiyejua, mpunga ukianikwa lazima ugeuzwe, la sivyo unakauka juu na kuota ukungu chini. Huugeuzi kwa jembe. Unavua viatu, unaingia ndani yake, unatembea bila kuinua mguu, unaburuza nyayo taratibu mpaka unaacha mifereji nyuma yako, kisha unarudi ukiivuruga. Mtoto wa Ifakara anajifunza jambo hili karibu pamoja na kutembea. Kuanzia siku ile kila kipindi cha michezo kilianza kwa nusu saa ya kuburuza miguu kwenye mpunga wa Mama Mashine, na Mwalimu, ambaye hakupenda kuonekana amepatana vibaya, alitangaza kwamba hayo ndiyo mazoezi ya miguu.

"Mchezaji mwepesi ni yule ambaye mguu wake hauachani na ardhi," alisema. Tulimwamini.

Elimu yake yote ilitoka kwenye kijitabu kimoja kilichoanzia ukurasa wa kumi na moja. Mchwa walikuwa wamekula kurasa za mwanzo, wakaruka katikati, wakarudi kumalizia sura ya kufunga. Vipimo vya uwanja vilikuwa vimeliwa. Sheria zilikuwa nusu. Kilichobaki kizima kilikuwa kudundisha na kutoa pasi, na kwa mwaka mzima wa kwanza tulicheza mchezo ambao haukuwa na goli. Tulipokezana mpira mpaka kengele inalia, kisha Mwalimu anatangaza kwamba timu zote zimecheza vizuri. Nimehudhuria mechi nyingi tangu hapo na sijaona nyingine zilizokuwa na amani kama zile.

Pale ambapo kijitabu kiliishia, Mwalimu aliongeza mambo ya kwetu, na hapo ndipo alipokuwa fundi. Pasi ya kifuani alitufundisha kwa matofali. Kila mmoja wetu alikuwa amewahi kusimama kwenye mstari wa kupokezana matofali nyumba ikijengwa, kwa hiyo alituweka kwenye mstari na kusema, "Tofali hilo! Ukilidondosha linavunjika, na anayelipa ni baba yako." Hatukudondosha. Kudaka alitufundisha kwa adabu: "Mpira ni mgeni, mpokee kwa mikono miwili." Kudundisha bila kuangalia chini alitufundisha kwa chakula.

"Wewe! Unautazama mpira wa nini?"

"Usinipotee, Mwalimu."

"Ukila ugali unautazama mkono?"

"Hapana, Mwalimu."

"Na tonge linapotea?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi inua uso. Mpira haupendi kutazamwa. Ukiutazama unaona aibu, unakimbia."

Kulikuwa na mambo kwake ambayo hayakukaa pamoja. Alikataza kelele uwanjani kwa sauti iliyosikika sokoni. Alidai kila mtu awahi, na saa yake ya mkononi ilikuwa imesimama kwenye tatu kasorobo tangu kabla sijaanza shule. Jambo lililotusumbua zaidi ni kwamba mpira ukija kwake alifumba macho. Aliudaka, hilo siwezi kumnyima, kwa mikono miwili kama alivyofundisha, lakini uso wote ulikunjamana kama mtu anayemeza klorokwini.

Na hakurusha. Tulimwomba, tukambembeleza, tukamtega. Sababu zake niliziandika pembeni ya daftari. Bega linauma. Ametoka kula. Bado hajala. Upepo wa milimani leo ni mbaya. Viatu hivi ni vya kanisani. Siku moja alipobanwa sana alisema, "Mpishi hali mbele ya wageni," akapiga filimbi tukageuze mpunga.

Mwaka wa pili likaja goli. Mwalimu alikwenda kwa fundi wa kuchomelea akiwa na kipande cha nondo, na fundi akauliza jambo la maana: pete iwe na upana gani? Ukurasa huo ulikuwa tumboni mwa mchwa. Mwalimu akatazama kushoto na kulia, akaona ndoo ya maji ya fundi. "Kama mdomo wa hiyo," alisema. Ndivyo tulivyopata goli jembamba kuliko yote niliyowahi kuyaona. Mpira uliweza kupita, lakini kwa kujibana, kama mama mnene anayepita kati ya viti kanisani. Liligongomelewa kwenye ubao, ubao kwenye nguzo ya mti mgumu, na nguzo ikasimikwa ukingoni mwa sakafu, kwenye kona ambayo malori ya mpunga hugeuzia.

Malori yakashindwa kugeuka. Dereva wa kwanza alitukana, wa pili akatukana, wa tatu akaenda kumwona Mama Mashine. Alikuja akaizunguka nguzo mara mbili, kanga moja begani.

"Mwalimu, nguzo hii ni ya mti gani?"

"Mninga, mama."

"Mninga. Unajua kibanda changu cha magunia kinaanguka?"

"Nimekiona, mama."

"Huo mpira umewahi kupita humo?"

Mwalimu akanigeukia. Nilifungua daftari nikasema ukweli, kwa sababu ndiyo kazi niliyopewa: "Bado, mama."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Wewe je, Mwalimu? Si ulicheza Morogoro?"

Mwalimu alisema bega. Mama Mashine alilitazama lile bega muda mrefu.

"Nasikia mna mechi na watoto wa kule kwenye mashamba ya miwa. Mimi nitakuja kukaa hapa. Nikiuona mpira unapita humo hata mara moja, kwa mkono wa mtoto wa shule hii, nguzo ibaki, malori yatazunguka. Nisipouona, kesho yake inashika paa la kibanda changu. Tumeelewana?"

Walielewana. Mwalimu alirudi darasani amepauka. Alikuwa amekatwa mshahara kulipia ile pete, na zaidi ya hapo, nadhani, lilikuwa jambo la kwanza maishani alilosimamisha mwenyewe likasimama. Tangu siku hiyo tukaanza kujifunza kufunga, kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kuonekana akijaribu.

Somo lilikuwa hivi. "Magoti. Unapiga goti kidogo, kama unamwamkia bibi yako. Bibi yako anaitwaje?"

"Bibi Ngonyani, Mwalimu."

"Mwamkie."

"Shikamoo."

"Umeona magoti yalivyojikunja yenyewe? Sasa mikono. Kupepeta mnajua? Ungo unarushwa na bega?"

"Hapana, Mwalimu! Viganja!"

"Basi. Unaliamkia goli, halafu unapepeta."

Alichokusudia ni kwamba tukunje magoti. Tulichoshika ni kwamba lazima useme. Mpaka wiki inaisha, hakuna mtoto aliyerusha mpira bila kuliambia goli shikamoo kwa sauti, na Mwalimu, alipoona magoti yanakunjika vizuri, hakusahihisha.

Aliyekuwa anakaribia kufunga ni Kabula. Familia yake ya Kisukuma ilikuwa imehamia na ng'ombe miaka michache tu kabla, na alikuwa na shabaha ya mtu ambaye tangu utoto amerudisha ndama kundini kwa kurusha madongo. Wenzetu Wandamba hawakumwacha apumue.

"We Msukuma, huo mpira si ng'ombe, usiupigie mluzi!"

"Na wewe Mndamba mpira si kambale, mbona unakuponyoka?"

Mwalimu alicheka mpaka akafumba macho, na mpira ukampiga kichwani.

Siku ya mechi wale wa kwenye miwa walikuja na lori, wamevaa viatu vyote sawa, namba mgongoni. Timu yetu ilikuwa ya wavulana na wasichana pamoja, kwa sababu hatukujua kwamba hawachanganywi. Kocha wao alikuna kichwa, akaona mwendo aliosafiri, akakubali. Mwamuzi alikuwa mwalimu mzee mstaafu, mwenye filimbi ya shaba na miwani iliyofungwa kwa uzi. Mama Mashine alikaa kwenye gunia, mbele kabisa.

Ndani ya dakika moja filimbi ililia. "Hatua!" alisema mwamuzi, mpira akawapa wao. Tukaupata tena, filimbi. "Hatua!" Hatukuelewa. Tulikuwa tunadaka kwa mikono miwili, nyuso juu, kila kitu kama tulivyofundishwa, na kila tukidaka, filimbi. Kufikia mapumziko nilikuwa nimehesabu filimbi arobaini na moja. Wageni walikuwa wamefunga mara tatu tu, wakilalamika kwamba goli limerogwa, lakini sisi hatukuwa tumelifikia kabisa.

Mama Mashine naye alikereka. "Huyu mzee anawapigia filimbi kwa kosa gani? Mbona wanageuza vizuri?"

Mwalimu aliyasikia maneno hayo. Nilimwona akiitazama miguu ya timu yetu iliyosimama ikimsubiri, na hata ikiwa imesimama ilikuwa inaburuza, mbele na nyuma, taratibu, mfereji kwa mfereji, juu ya saruji tupu. Ilikuwa imezoea. Ukishika mpira sakafuni pale, miguu ilianza kugeuza mpunga. Kitabuni kulikuwa na kosa la kutembea na mpira bila kuudundisha, lakini ukurasa wake haukutufikia.

"Mimi ndiye," alisema polepole. "Mungu wangu. Mimi ndiye."

Kisha akawaita. "Sikilizeni. Kipindi cha pili hakuna kutembea. Hakuna! Kila mtu na mahali pake kama nguzo. Mnakumbuka matofali?"

"Tunakumbuka, Mwalimu!"

"Nyumba inajengwa pale," akaonyesha goli. "Kabula ndiye fundi. Mpelekeeni."

Ikawa kichekesho ambacho watu wa Lipangalala walikisimulia mpaka nilipohama. Wageni walikimbia huku na huko, na watoto wetu wanne wakasimama kama miti, wakipokezana mpira kutoka mwisho mmoja wa sakafu hadi mwingine, kila mmoja akitoa mguno wa tofali. Wageni hawakujua wamkabe nani, kwa sababu hakuna aliyekuwa anakwenda popote. Mpira ulimfikia Kabula mara nyingi. Alirusha, ukagonga chuma. Alirusha, ukagonga ubao. Wageni wakaongeza bao la nne, wakawa na pointi nane, sisi hatuna.

Zikiwa zimebaki dakika chache, mvulana wao mmoja alikuja mbio kumzuia Kabula, viatu vyake vipya vikakanyaga pumba, akateleza, na ili asianguke akamkumbatia. Filimbi. Safari hii ilikuwa yetu: Kabula asimame peke yake kwenye mstari, arushe mara mbili bila kuguswa. Nilielewa papo hapo uzito wake. Asiyetembea hawezi kukosea hatua.

Rusho la kwanza alilifanya kwa haraka, akiwa kimya. Lilipita nje kabisa.

"Adabu, Kabula!" Mwalimu alipiga kelele, sauti imekatika. "Adabu!"

Kabula akashusha pumzi. Akapiga goti. "Shikamoo," akaliambia goli.

Mwamuzi alikuwa amesimama chini ya goli palepale, mkono juu, filimbi mdomoni. Alikuwa mtu mzima aliyelelewa vizuri. Filimbi ikamdondoka. "Marahaba, mwanangu," akajibu.

Wageni wote wakaangua kicheko, na katikati ya kicheko hicho Kabula alipepeta. Mpira ulipanda, ukashuka, ukakaa juu ya chuma, ukajibana, ukapita.

Tulifungwa nane kwa moja. Tulishangilia mpaka wageni wakauliza kama tumeelewa matokeo. Mwalimu aliketi juu ya mpunga uliokuwa umesogezwa pembeni, jambo alilotukataza kwa viboko, na hakuinuka kwa muda. Mama Mashine alimwendea.

"Umepita," alisema. "Nguzo ibaki."

"Ahsante, mama."

"Sasa na wewe rusha moja tukuone."

Mwalimu aliitazama saa yake iliyosimama. Akasema muda umekwenda.

Nilimaliza shule, nikaondoka, nikajifunza kazi ya habari. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilirudi kumtembelea mama yangu, na jioni ya mwisho kabla ya safari nikapita kwenye ile sakafu. Nguzo ilikuwapo. Malori yalikuwa bado yanazunguka, na njia yao mpya ilikuwa imechimbika kama korongo. Mwalimu naye alikuwapo, nywele zimepata mvi, suruali imekunjwa magotini, anaburuza miguu kwenye mpunga. Alikuwa amestaafu. Watoto walikuwa wanadundisha pembeni, nyuso juu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ni yule asiyejua kudaka."

Mama Mashine alikuwa kwenye kiti mlangoni, amepungua mwili lakini si macho. Alinitambua kwa daftari. "Umekuja vizuri," alisema. "Andika tena. Huyu mpaka leo hajarusha."

"Mama, bega..."

"Bega gani? Asubuhi umeninyanyulia gunia."

Watoto walisogea karibu. Mmoja alikuja na mpira, akampa kwa mikono miwili. Mwalimu alinitazama mimi, akamtazama Mama Mashine, kisha akavua kandambili, akazipanga sambamba kama mtu anayeingia kwa watu. Akasogea mpaka kwenye mstari. Alipiga goti, na goti likalia.

"Shikamoo," aliliambia goli, kwa sauti ya chini.

Akafumba macho. Akapepeta.

Ulikuwa mrusho mzuri. Naandika nilichokiona: ulipanda bila haraka, ukizunguka kinyumenyume, kama wa mtu aliyefanya hivyo maelfu ya mara, au kama wa mtu aliyewaza kufanya hivyo maelfu ya mara. Uligonga ubao, ukashuka, ukanasa kati ya ubao na pete. Ukatulia.

Tulisubiri. Mwalimu alifumbua jicho moja.

"Umeingia?"

"Umekaa," alisema mtoto mmoja.

Mwingine alikimbilia fimbo ya kuusukuma, na Mama Mashine akanyanyuka kwenye kiti. "Asiuguse mtu! Ukidondokea ndani, kafunga. Ukidondokea nje, hajafunga. Ameshasubiri miaka yote hii, atasubiri kidogo."

"Na sisi tutacheza nini, bibi?"

"Geuzeni mpunga."

Kesho yake asubuhi nilipita tena nikielekea kwenye basi. Mpira ulikuwa palepale. Mwalimu alikuwa ameleta kigoda na chupa ya chai, na filimbi yake shingoni kwa ajili ya yeyote atakayekaribia na fimbo. Nilisimama naye mpaka dereva alipopiga honi mara ya tatu. Ndani ya basi nilichora safu, nikaandika: mrusho, mmoja. Nafasi ya matokeo nikaiacha wazi. Basi lilipokata kona niligeuka kutazama dirishani. Mpira ulikuwa bado juu, na Mwalimu ameketi chini yake, shingo kaikunja nyuma, anautazama.